Kuelea Juu ya Makreti ya Bia

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba picha nzuri hujieleza yenyewe, hasira hunipanda. Nilichora picha moja ambayo kila aliyeiona aliielewa papo hapo, na wote walielewa kitu kimoja, na kitu hicho sicho nilichokusudia. Kwa majuma kadhaa niliwalaumu wao. Kosa lilikuwa langu, lakini hilo nilikuja kulijua nikiwa nimelala chali ziwani, maji yameniingia masikioni na roho iko mkononi.

Tulikuwa Kampala, miaka ile ya serikali ya jeshi, baada ya Wahindi kufukuzwa na maduka yao kupewa watu wengine. Mume wangu alikuwa fundi wa reli, Mkenya kama mimi, nasi tuliishi katika nyumba za reli huko Nsambya, jirani kabisa na kambi ya polisi. Nilikuwa nimesomea uchoraji miaka miwili kabla ya kuolewa, na kazi niliyoipata mjini ilikuwa ya vibao. Kila mwenye duka jipya alitaka jina la zamani lifutwe na lake liandikwe, tena liwe kubwa kuliko la jirani yake. Niliandika majina ya watu na picha za viatu, mikate na mikasi ya vinyozi hadi nikawa naziota.

Kilichoniwasha mimi kilikuwa kingine. Kwetu ni milimani, kwenye majani ya chai. Maji ya kwetu ni mto wa kuvuka kwa hatua tatu, au ni mtungi kichwani. Sikujua kuogelea, mama yangu hakujua, bibi yangu hakujua, wala hatukuwahi kuona kwamba tumepungukiwa na kitu. Kisha Jumapili moja mume wangu akanipeleka Ggaba kununua samaki, nikamwona mama mmoja, mtu mzima mwenye mwili wake, ameingia ziwani na shimizi, akajilaza chali juu ya maji akatulia. Hakuwa akiogelea. Alikuwa amelala tu, na ziwa limemkubali. Nilisimama pale hadi mume wangu akaanza kunung'unika kwamba samaki wanaharibika. Mimi nilikuwa nikifikiri: mwili huu tangu alfajiri umebeba mtoto, umebeba ndizi, umebeba debe, na sasa wenyewe umebebwa. Nilitaka kuchora hilo. Sikutaka kitu kingine.

"Chora ndizi," mume wangu aliniambia. "Ndizi haina maneno."

Alijua kwa nini anasema hivyo, na mimi pia nilijua. Watu walikuwa wakipotea. Habari za mahali walikopelekwa zilisemwa kwa sauti ya chini, na nyingi ziliishia majini: mtoni, ziwani, kwenye vinamasi. Samaki alikuwa ameanza kushuka heshima. Ukimwandalia mgeni, alikuuliza kwanza samaki huyo ametoka upande gani. Haya yote niliyasikia kama wengine. Lakini nilikuwa na ukaidi wa mtu anayedhani kwamba uchoraji ni nchi nyingine, yenye serikali yake.

Ndipo akatokea mwenye baa mmoja wa Kansanga, Mganda mnene mwenye kicheko cha kutoka tumboni. Nilikuwa nimemwandikia kibao cha mbele, naye akakipenda. Baa ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Ggaba, na sifa yake ilikuwa samaki wa kukaanga. Ukuta wake wa ndani ulikuwa na ufa mkubwa ambao hakuna saruji mjini ya kuuziba.

"Nnyabo, mama, nichoree maji hapa," aliniambia. "Mutu akikula samaki, aone maji."

"Na mtu anayeelea juu yake?"

"Muweke. Astarehe kabisa."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilipata hadibodi mbili, mume wangu akaziunganisha kwa fremu ya mbao. Rangi ya buluu ilikuwa imeadimika kama sabuni. Niliipata kwenye gereji moja ya Kisenyi, mabaki ya rangi ya lori kwenye kopo lililoshika kutu, nikaizimua kwa mafuta ya taa na kuichanganya na nyeupe ya vibao vyangu. Ziwa langu lilinuka gereji, lakini lilikuwa la buluu.

Nilihitaji mwili. Upande wa pili wa ua wetu wa michongoma aliishi mke wa polisi, mtu wa kaskazini, aliyezaliwa kando ya Nile huko juu. Mumewe sote tulimwita afande. Mkewe aliniita dada, mimi nikamwita jirani, na kwa miaka miwili tulikuwa tumekopeshana chumvi, moto na sindano. Kiswahili changu kilikuwa cha shule, chake cha kambini, na hatukuwahi kukosa kuelewana. Nilipomweleza ninachotaka, alikubali kabla sijamaliza.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na banda la mabati. Mwenye baa aliniazima makreti manne ya bia, nikayapanga mawili mawili, nikalaza mbao mbili juu yake, na juu ya mbao blanketi la mtumba kutoka soko la Owino. Nikamlaza jirani hapo chali, na shimizi nyeupe, miguu pamoja, mikono kando ya mwili. Jua lilipenya kwenye tundu la bati likampiga usoni.

"Funga macho," nikamwambia.

Akafunga. Kisha akasema, "Dada, mtu hapana elea namna hii."

"Tulia kwanza."

"Miguu nakwenda chini kidogo. Mikono nafunguka yenyewe. Halafu tumbo..."

"Jirani, anayechora ni mimi."

Alicheka, na tumbo likapanda na kushuka, nami nikapoteza mstari wa ubavu niliokuwa nimeuvizia kwa robo saa. Nikamfokea kidogo. Nikamwambia asipumue kwa nguvu, apumue kidogo kidogo, ikiwezekana asipumue kabisa nikiwa kwenye ubavu. Akafanya hivyo. Nikikumbuka jambo hili natamani kujizaba kofi.

Siku ya tatu alijaribu tena. Alisema yeye amezaliwa kwenye maji na mimi sijayaingia hata siku moja. Nikamjibu kwamba tumefundishwa kuchora kile ambacho jicho linaona, na jicho langu halina ugonjwa. Hakulisema tena jambo hilo. Kwa wiki tatu alikuja kila alasiri, akalala juu ya makreti ya bia na macho yamefungwa, akivumilia mbao, nami nikachora kwa uaminifu mkubwa mwanamke aliyelala juu ya mbao. Kisha nikamzungushia maji ya buluu.

Afande alikuja mara moja kumchukua, bado amevaa sare. Alisimama mlangoni mwa banda akashika kiuno.

"Nani nalaza bibi yangu juu ya kreti ya bia?" akauliza. "Kreti tupu ama iko na bia?"

"Tupu, afande."

"Basi mimi hapana ingia." Alicheka peke yake. Sikumwonyesha picha, sina tabia ya kuonyesha kazi mbichi, na nilikuwa nimeigeuza kifudifudi. "Siku nakwenda Kansanga, nakunywa chini yake," akasema. "Kila Jumamosi. Nakunywa chini ya bibi yangu, hapana ogopa yeye."

Wiki ile ile tuliyoitundika picha, afande aliitwa makao makuu Jumatatu asubuhi, kutia sahihi karatasi. Alikwenda na kalamu yake mfukoni. Hakurudi Jumatatu, hakurudi Jumanne. Jumatano wanawake wa kambini wakaacha kumsalimu mkewe.

Nisingependa kusema nilikuwa wapi siku hizo, lakini nitasema. Nilikuwa Kansanga, nikigombana juu ya picha.

Mwenye baa alikuwa ameniita. Nilikuta wateja wamehamisha meza zote kwenda ukuta wa pili, wamebanana kule, na mbele ya picha yangu pako wazi kama uwanja.

"Nnyabo," akaninong'oneza, "huyu mutu amekufa."

"Hajafa. Anaelea."

"Kweri anaelea. Wote wanaelea."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Nilimwonyesha rangi ya ngozi, jinsi nilivyoipasha joto kwa kahawia na nyekundu. Akatazama kwa adabu. Akasema shimizi inafanana na sanda. Kisha akaniomba nimvalishe gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Kiganda.

"Nani anaogelea na gomesi?"

"Basi weka mutumbwi karibu, tuseme anasubiri mutumbwi."

Kila nilipokwenda alikuwa na wazo jipya. Nimchoree tairi la gari chini ya mgongo. Nimchoree meno, acheke. Nimchoree mtu wa pili pembeni anayempungia mkono. Mpishi wake naye alikuwa na maoni, nimfute mtu, nibakize maji. Samaki walilala kikaangoni wakapoa, na wateja wakaagiza nyama. Mzee mmoja mlevi alinyanyuka akavua kofia mbele ya picha, akasimama kimya, akaivaa tena na kuondoka. Hapo ndipo nilipopasuka. Nikamwambia mwenye baa kwamba wateja wake ni waoga na washamba, hawajui kutazama. Kwa mtu aliyekulia kwenye majani ya chai hilo neno la washamba lilikuwa ni kujitafutia aibu, lakini nilikuwa nimekasirika.

"Mimi sikatai," akasema, kicheko chote kimemwisha. "Lakini nakupa wiki mbiri. Baada ya hapo naigeuza, itazame ukuta."

Nyumbani nilimweleza mume wangu habari hizo zote. Alinisikiliza, akatafuna, akasema, "Nilikuambia uchore ndizi." Sikulala naye vizuri usiku ule.

Asubuhi moja katika wiki ya tatu tangu afande apotee jirani alipita kwenye upenyo wa michongoma. Alikuwa amekonda shingo. Siku zote hizo sikuwa nimeingia kwake ila mara mbili, na zote mbili nilikaa kwenye ncha ya kiti.

"Dada, nipeleke Kansanga," akasema. "Nataka kuuliza kama afande nafika kule."

Tulikwenda kwa miguu. Baa ilikuwa haijafunguliwa. Mwenye baa alikuwa akifagia. Alipomwona alimtambua kuwa ni mke wa afande, mteja wake, akaweka ufagio chini, na alipoulizwa akasema hapana, tangu Jumatatu ile hajamwona. Jirani akaitikia kwa kichwa. Kisha akageuka, akaiona picha.

Hakuwahi kuiona imekamilika. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika. Mimi nilianza kuongea. Niliongea juu ya woga wa watu, juu ya nyakati mbaya zinazoharibu macho, juu ya jinsi ambavyo siku moja...

"Dada," akanikatiza. "Wewe nachora mimi nimekufa."

"Hata wewe?"

"Watu nasema kweli. Angalia miguu. Angalia mkono. Mtu nakufa nakaa hivi. Mtu iko hai hapana weza kukaa hivi kwa maji, hata kama nataka." Akagusa ubavu, ule ule niliomfokea kwa sababu yake. "Hapa hapana pumzi."

Niliutazama mkono wake pale ubavuni.

"Afande kama naponyoka," akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayepanga safari ya sokoni, "hapana weza kuja nyumbani. Nyumbani iko watu nangoja yeye. Nakuja hapa. Yeye nasema nakunywa chini ya picha, wewe nasikia. Naingia hapo mlangoni, naona mimi. Anafikiri nini? Anafikiri wamemaliza na mimi pia. Halafu nakwenda wapi?"

Mwenye baa alichukua ufagio wake akatoka nje.

Kwa mara ya kwanza nilikiona nilichokichora: nyayo mbili zimeelekea juu, sambamba, jinsi ambavyo mbao huzishika, mgongo umenyooka, viganja vimefungwa kando, kope zimeshushwa. Nilikuwa nimemlaza mtu hai juu ya ubao, nikamkataza kupumua, nikamfumba macho, kisha nikawatukana watu waliosema nimechora maiti.

"Mimi naondoka," jirani akasema. "Wiki hii. Lakini hapana ondoka na kuacha hii hivi. Kesho tunakwenda kwa maji, naonyesha wewe."

Tulibeba mablanketi mawili, tuonekane tunakwenda kufua. Alinipitisha mbele ya Ggaba, hadi kwenye ghuba ndogo iliyozibwa na mafunjo, ambako maji yalikuwa tulivu na hakuna mtu. Jua lilikuwa limeshapanda. Nilivua gauni nikabaki na shimizi, nikaingia hadi magotini, na hapo woga wote niliowacheka wengine kwa sababu yake ukanishika mimi. Nilifikiria kichocho, nikafikiria mamba, na zaidi ya yote nilifikiria kwamba mguu wangu utagusa kitu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikajisemea, lakini miguu ilikuwa imegoma.

"Hapa hapana kitu," jirani akasema. Alikuwa ameyaingia hadi kifuani. "Mimi nakuja hapa kila siku tangu Jumatano ile. Natafuta. Hapana kitu."

Nilimtazama. Nilidhani siku zile zote alikuwa amejifungia ndani.

Nikaenda. Aliniambia nilale, nikalala kama nilivyomlaza yeye: miguu pamoja, mikono kando, nimenyooka. Nikazama hapo hapo. Nilimeza ziwa, nikamshika shingo, nikampiga teke. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa kwa moyo wote. Nilipotoa kichwa nje alikuwa anacheka, kicheko cha kwanza tangu mumewe apotee, na mimi nikakasirika, kisha nikacheka pia na makamasi yakinitoka.

"Sasa hapana nyooka. Acha miguu iende. Acha mikono. Pumua mingi."

Aliweka kiganja chini ya kisogo changu. Masikio yaliingia majini na dunia ikanyamaza. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe ikiingia na kutoka. Miguu ilishuka, magoti yakajikunja kidogo, mikono ikafunguka kwenda kando, vidole vikaachana. Sikuvifungua mimi. Na nilipovuta hewa kifua kilipanda nje ya maji kwa upana wa vidole viwili, nilipoitoa kikashuka. Hewa ile ndiyo iliyonibeba. Kila mstari nilioukemea katika banda la mabati ulikuwa ndio mstari wenyewe.

Alikuwa amesimama upande wa kichwa changu, ameniinamia, uso wake juu ya wangu, kichwa chini miguu juu, mdomo mahali pa paji la uso. Alikuwa ananiangalia machoni ajue kama naogopa. Kisha akaondoa kiganja. Nilikaa juu ya maji pengine kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Nililia, lakini kwenye maji nani atajua.

Tulifua mablanketi kweli, kwa sababu tulikuwa tumekwisha kuyabeba.

Alfajiri ya siku ya pili yake aliondoka kwa lori la magunia lililokuwa likipakia Kisenyi. Nilimsindikiza na fungu la mkate. Alikuwa amefunga kitambaa hadi kwenye nyusi na hatukukumbatiana, maana kukumbatiana ni kutangaza safari.

"Kama mtu nauliza mimi," akasema, "yeye, ama mtu yeye natuma, sema mimi iko hai. Sema iko kwa mama yangu, ng'ambo ya mto. Yeye najua ni wapi."

"Nitasema."

"Sema hivyo hivyo, dada. Usiongeze maneno yako." Hapo alinijua vizuri.

Nilikwenda Kansanga siku ile ile na makopo yangu. Mwenye baa alinipa saa za asubuhi, kabla ya kufungua. Nilikwangua miguu nikaizamisha. Niliikunja magoti. Nilitoa mikono kando ya mwili nikaipeleka mbali, nikaachanisha vidole. Nilinyanyua kifua, nikaacha maji yamfunike masikio. Mwili ulikuwa ukija wenyewe kwa sababu nilikuwa nikiuchora kutoka kwenye mgongo wangu, na kwa siku tatu nilifanya kazi kwa raha ambayo sijaipata tena.

Kisha nikafika machoni, nikakwama.

Nilitaka kuyafungua. Nilisimama na brashi mbele ya kope zile zilizofumba, nikagundua kwamba siyajui. Nilikuwa nimemtazama mwanamke huyu wiki tatu, kila alasiri, kuanzia kisogo hadi kisigino. Naweza kukuambia alama ya ndui kwenye bega lake ilikuwa na umbo gani. Macho yake nilikuwa nimeyafumba mwenyewe siku ya kwanza kwa sababu ya jua, na miaka miwili ya kuombana chumvi sikuwa nimeyatazama kama mchoraji, nilikuwa nimeyatazama kama mtu anayetaka chumvi. Nilijaribu, nikafuta. Nikajaribu tena, yakatoka macho ya mtu mwingine. Nilitupa brashi sakafuni. Nilimtukana mpishi, ambaye hakuwa amefanya kitu. Sasa jirani alikuwa ameshafika mbali na nisingeweza hata kwenda kumwomba anitazame.

Nilikaa juu ya kreti la bia nikafumba macho yangu mwenyewe, na hapo ndipo yalipokuja, ya ziwani, yakiniangalia kichwa chini miguu juu. Hayo tu ndiyo niliyokuwa nayo.

Nikawaita mwenye baa na mpishi. Tuliifungua picha ukutani, tukaigeuza, miguu ikawa juu na kichwa chini, tukaiegemeza.

"Banange, nnyabo," mwenye baa akasema, "sasa umemufanya popo?"

Nilichora macho yale jinsi nilivyoyaona, nyusi chini, shavu juu, bila kujiuliza yatakuwaje yakigeuzwa. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo kuliko la kulia. Sikuwahi kujua kwamba najua hilo. Nilipomaliza tukaigeuza tena na kuitundika. Mwenye baa alirudi nyuma hatua tatu.

"Huyu anatuona," akasema.

Jumamosi wateja walirudisha meza bila kuambiwa. Mtu mmoja aliagiza samaki, kisha meza nzima ikaagiza. Mzee yule wa kofia alikaa chini ya miguu ya picha akalala usingizi. Nilikuwa nimekwenda kumalizia ukingo wa chini, nikipaka mbele yao polepole kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nangoja mtu aniulize. Siku zote zile za mwanzo hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Maiti haiulizwi. Sasa nilitaka waulize, kwa kiburi tu, nijue kwamba nimefaulu.

Mtu mmoja akauliza. Alikuwa wa makamo, koti la kahawia, viatu vimejaa vumbi, ameagiza soda na hajainywa. Alikuwa ametazama picha tangu alipoingia. Alikuja hadi pembeni yangu akasimama karibu, na alipoongea Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kama cha jirani yangu, kama cha afande, na kama cha wale waliomwita afande akatie sahihi.

"Huyu mama ni nani?"

Nilimtazama mikono, nikatazama viatu, nikatafuta chochote. Nilijifunza kutazama, si ndiyo kazi yangu? Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. Angeweza kuwa ametembea siku tatu kuleta salamu, na angeweza kuwa ametembea nyumba kwa nyumba katika kambi ya Nsambya akimsaka.

"Ni mtu kweli iko," akasema tena, kwa upole. "Iko wapi?"

Maneno nilikuwa nayo yote mdomoni, jinsi jirani alivyonipa, bila kuongeza langu hata moja.

"Hakuna mtu," nikasema. "Nimebuni tu."

Alibaki hapo kidogo, akimwangalia yule wa pichani machoni. Kisha akaweka chupa yake mezani bado imejaa, akatoka, akashika njia ya Ggaba. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe kwa muda, na ningeweza kumwita. Niliosha brashi.